Livingstone, mito ya Kabambare na madaraja ya majani

Jina la David Livingstone wengi tunalijua kwa ajili ya Stanley na Ujiji. Lakini mbele ya kukutana na Stanley, alipitisha karibu miaka miwili huku kwetu Maniema, na mito yetu ilimsumbua kuliko simba.

Alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 kule Blantyre, Scotland, mtoto wa watu maskini. Akiwa na miaka 10 tu walimtia katika kiwanda cha pamba, saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku. Katika mshahara wake wa kwanza alitoa pesa ya kununua kitabu cha Kilatini. Sisi ambao watoto wetu wanabeba mchanga wa dhahabu, hiyo hatuhitaji kuelezwa. Akasoma, akawa mganga na mmisionari, akatembea Afrika miaka mingi.

Tarehe 21 Septemba 1869 alifika Kabambare, yeye aliandika Bambarre. Alitafuta chanzo cha Nili, na aliamini Lualaba ndiyo Nili yenyewe. Kazi yake kila siku: kuandika mito, upana, kina, maji yanaelekea wapi, na kinachoota ndani. Mito mingine aliikuta imefunikwa kabisa. Nyasi na mmea wenye majani ya kung'aa vimeshikana mizizi kama mkeka, watu wanapita juu, maji yanapita chini, na kila hatua daraja linabonyea. Wenyeji waliita kintefwetefwe, naye akaliandika jina hilo vile vile. Mvuvi wa kwetu anajua: pale majani yametulia, maji ni ya polepole, pale hakuna, shika kasia vizuri.

Katikati ya 1870 alitoka na watu watatu tu, Susi, Chuma na Gardner, wengine walimwacha. Kuna siku walivuka mito 14, mingine maji mpaka mapajani. Vidonda vikamla miguu, akarudi Kabambare, akakaa siku 80 bila kutembea.

Februari 1871 wakafika watu kumi waliotumwa toka Zanzibar, watumwa wa wafanyabiashara Wahindi. Tarehe 11 wakagoma, wanataka mshahara upande. Livingstone akakubali dola 6 kwa mwezi, kama watafanya vizuri. Ndiyo, wandugu, mgomo hapa hapa Kabambare, mbele ya kampuni yoyote na mbele ya sendika yoyote! Vitabu vingi vinawasema watu wale vibaya. Sisi tunauliza tu: mtumwa aliyetembea toka pwani, atamshukuru nani?

Mwisho wa Machi akafika Nyangwe. Alikadiria Lualaba yadi 3000 kwa upana, mwendo wa maili 2 kwa saa kuelekea kaskazini, na akaandika kwamba hakuna mahali pa kuvuka kwa miguu, wakati wowote wa mwaka. Huku hakuna kintefwetefwe, lazima mtumbwi. Wenye mitumbwi wakakataa kumuuzia, juu ya nini? Walimuona anakaa na wafanyabiashara wa watumwa. Karatasi ziliisha, akaandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino wa maji ya mmea. Tarehe 15 Julai watu wa Tagamoio wakapiga bunduki sokoni, na wengi, wanawake hasa, wakafa kwa risasi au mtoni. Wafanyabiashara wenyewe walihesabu kati ya 330 na 400. Livingstone akaacha mto, akarudi Ujiji.

Mwaka 1873 alikuwa katika vinamasi vya Bangweulu, ambako sehemu ya maji ya Lualaba inatoka. Mafunjo, matete, na maji yasiyo na mwisho. Walimbeba mabegani kwa zamu, mahali pengine maji yalifika mdomoni mwa Susi. Akafa Mei mwaka ule, kijijini kwa Chitambo. Susi, Chuma na wenzao wakabeba maiti na daftari mpaka Bagamoyo. Miaka kidogo nyuma, Stanley akashuka mto toka Nyangwe mpaka baharini: ulikuwa Kongo, haukuwa Nili.

Alizikwa London tarehe 18 Aprili 1874. Katika wabebaji wote, Jacob Wainwright peke yake alikuwa pale. Susi na Chuma waliitwa baadaye, kusudi wamweleze Horace Waller, aliyetengeneza kitabu, yale yaliyoandikwa katika daftari.