Ivar Wickman: Daktari aliyefuata nyayo za polio

Katika kitongoji cha Husby, kaskazini-magharibi mwa Stockholm, wanaishi watu wengi wenye asili ya Somalia, Eritrea na nchi nyingine za mbali. Mwanzoni mwa mwaka 2020, Covid-19 ilipoenea nchini Sweden, wilaya ya Rinkeby-Kista, ambayo Husby ilikuwa sehemu yake wakati huo, ilikuwa miongoni mwa zilizoathirika zaidi mjini humo. Familia nyingi zilijiuliza ugonjwa umeingiaje katika nyumba ambamo hakuna aliyeonekana kuumwa.

Zaidi ya karne moja kabla yao, swali kama hilo lilimshughulisha daktari wa Kiswidi, Otto Ivar Wickman.

Wickman alizaliwa mjini Lund mwaka 1872. Alisomea udaktari na kuwa mwanafunzi wa Karl Oskar Medin, bingwa wa magonjwa ya watoto aliyeuchunguza mlipuko wa polio wa mwaka 1887 mjini Stockholm, uliowapata watoto 44. Enzi hizo madaktari wengi hawakusadiki kwamba polio inaambukiza. Hoja yao haikuwa dhaifu: katika nyumba yenye watoto wengi, aghalabu alipooza mmoja tu.

Mwaka 1905 Sweden ilikumbwa na mlipuko mkubwa, na wagonjwa 1,031 waliorodheshwa. Wickman alichunguza nani alimtembelea nani, na lini. Katika parokia ya Trästena, yenye wakazi mia kadhaa tu, aliwahesabu wagonjwa 49, na nyayo nyingi zilielekea shuleni. Alibaini pia kwamba maradhi yalisafiri kwa kufuata barabara na reli, njia zile zile walizopita watu.

Ugunduzi wake mkubwa ulikuwa juu ya wale ambao hawakupooza. Aliwakuta watoto waliopata homa ya siku chache wakapona, na wengine walioonekana wazima kabisa, lakini ambao ndio waliounganisha nyumba moja yenye mgonjwa na nyingine. Bila kuwahesabu hao, mnyororo wa maambukizi ulikatika. Walipohesabiwa, uliungana.

Aliyachapisha matokeo hayo kwa Kijerumani mwaka 1907, akiuita ugonjwa huo kwa majina ya Heine na Medin, waliomtangulia. Mwaka uliofuata, watafiti wa Vienna waliwaambukiza nyani polio na kuthibitisha kwamba inaambukiza. Hata hivyo, fikra ya Wickman kuhusu wabebaji wasioumwa iliendelea kutiliwa shaka na wengi. Mwaka 1914 alijiua, akiwa na umri wa miaka 41.

Ushahidi ambao hakuweza kuupata ulikuja kutoka maabara. Mwaka 1981 wanasayansi walifanikiwa kuisoma jenomu nzima ya virusi vya polio, yenye takriban herufi 7,500. Kila virusi vinapozaliana, makosa madogo hutokea katika kunakili herufi hizo. Katika sehemu ya jenomu inayotumiwa kulinganisha virusi, mabadiliko hufikia takriban asilimia moja kwa mwaka. Hivyo, kwa kulinganisha sampuli mbili, wataalamu hukadiria zilitengana lini, kama vile mtu anavyohesabu vizazi katika nasaba ya ukoo.

Kwa njia hiyo ilibainika kwamba virusi vilivyozuka Mogadishu mwaka 2013, na kufika hadi kambi za Dadaab nchini Kenya, vilikuwa na asili ya Afrika Magharibi. Mwezi Februari mwaka 2022, Malawi ilitangaza kwamba mtoto mmoja mjini Lilongwe amepooza kwa polio. Ndugu wa karibu wa virusi hivyo alikuwa ameonekana mara ya mwisho mwaka 2019, katika jimbo la Sindh nchini Pakistan.

Kati ya sampuli hizo mbili kulikuwa na pengo la takriban miaka miwili. Virusi vya polio havizaliani nje ya mwili wa binadamu, kwa hiyo muda wote huo vilikuwa vikipita kutoka mtu hadi mtu bila kugunduliwa. Mtoto wa Lilongwe hakuwa chanzo cha maradhi. Yeye ndiye aliyeonekana tu.

Mwaka 1958, sanamu ya Wickman iliwekwa Warm Springs, jimbo la Georgia nchini Marekani, pamoja na za watu wengine waliopambana na polio.