Mpiga Piano Aliyezaliwa Unguja

Wengi humkumbuka Freddie Mercury kwa sauti yake. Wana haki, lakini kazi yake ilianzia vidoleni, na nyimbo zake kubwa kadha alizitunga kwenye piano.

Alizaliwa Unguja mjini tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Wazee wake walikuwa Waparsi, watu wa dini ya Zoroaster, ambao vitabuni mwetu huitwa Majusi. Babake, Bomi, alikuwa mtunza fedha katika serikali ya Mwingereza. Kijana alipotimu miaka minane alipelekwa Bara Hindi, shule ya bweni huko Panchgani. Huko alifunzwa piano, na akiwa na miaka 12 akawa mpiga piano wa bendi ya wanafunzi, the Hectics.

Alirejea Unguja 1963. Mwaka uliofuata yakaja Mapinduzi, na aila nzima ikahamia Uingereza. Alisomea sanaa ya michoro chuoni Ealing, kisha 1970 akaunda Queen pamoja na Brian May na Roger Taylor.

Wimbo wake "Bohemian Rhapsody" ulitoka 1975. Ulikuwa wa karibu dakika sita, wengi wakaona ni mrefu mno kwa redio. Ukakaa juu kabisa Uingereza wiki tisa. Ndani yake mna lile neno tukufu ambalo mtoto wa chuoni hulitanguliza kabla ya kufungua juzuu. Kwa aliyekulia mji wa adhana, sioni ajabu. Julai 1985 uwanjani Wembley, mbele ya watu 70,000 na ushei, alipopanda jukwaani alikwenda kwanza kuketi kwenye piano.

Unguja mwenyewe hakupenda kuitaja. Nayo Unguja ilisita kumtaja: mwaka 2006 jumuiya moja ya Kiislamu ilipinga sherehe ya kumkumbuka, kwa sababu ya mwenendo wake, na sherehe haikufanyika. Upinzani ule naufahamu. Hata hivyo kusimulia maisha ya mtu si kuyasifu yote aliyoyatenda. Mwaka 2019 ilifunguliwa nyumba ya makumbusho yake Shangani.

Alifariki London kwa ukimwi tarehe 24 Novemba 1991, siku moja tu baada ya kuutangaza ugonjwa wake, umri miaka 45. Mazishi yakafanywa kwa taratibu za dini ya wazee wake. Piano aliyoinunua 1975 iliuzwa mnadani mwaka 2023 kwa zaidi ya pauni milioni 1.7.