Mwalimu Nyerere Mbele ya Kamera: Sura ya Taifa na Majina Yanayosubiri Kuandikwa

Watanzania waliozaliwa baada ya mwaka 1999 wanamfahamu Hayati Baba wa Taifa, Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, kwa picha: iliyotundikwa katika kuta za ofisi, iliyomo kwenye noti ya shilingi 1,000, na zile zinazochapishwa magazetini kila ifikapo Oktoba 14. Sura hiyo imehifadhiwa kwa jasho la wapigapicha wa magazeti na wa Serikali, ambao majina yao hayatajwi mara nyingi.

Mwalimu alizaliwa Aprili 13, 1922 katika kijiji cha Butiama, akiwa mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki na Mama Mgaya wa Nyang'ombe. Wazee wa Mara husimulia kuwa Chifu Makongoro wa Ikizu, eneo ambalo sasa limo wilayani Bunda, aliutambua uwezo wa kijana huyo katika mchezo wa bao, akamshauri baba yake ampeleke shule. Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, alianza masomo katika Shule ya Mwisenge, Musoma. Baadaye alisoma Tabora, Makerere na Chuo Kikuu cha Edinburgh, alikohitimu mwaka 1952. Habari za utoto wake zimetufikia kwa masimulizi zaidi kuliko kwa picha.

Hali ilibadilika baada ya kuasisiwa kwa TANU, Julai 7, 1954. Mwaka uliofuata, Mwalimu alihutubia Umoja wa Mataifa mjini New York na kuacha kazi ya ualimu Pugu. Tangu hapo, kamera zilimfuata katika mikutano ya kudai uhuru, katika sherehe za Desemba 9, 1961, na mwaka 1964 alipochanganya udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar. Picha hiyo ya udongo imewaeleza maana ya Muungano hata wananchi wasiojua kusoma.

Kumpiga picha kiongozi huyo hakukuwa kazi ya kumkalisha kitini na kumpangia mavazi. Mwaka 1963 aliwaandikia viongozi waraka wa kukemea mbwembwe za madaraka, na yeye mwenyewe alionekana mara nyingi akiwa shambani au miongoni mwa wanavijiji. Oktoba 1967, akiliunga mkono Azimio la Arusha, alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, safari ya zaidi ya kilomita 200 katika njia ipitayo Bunda. Aliyetaka sura yake alilazimika kwenda mwendo wake.

Vifaa vya wakati huo havikuruhusu makosa mengi. Filamu moja ilitoa picha 36 tu, na mpigapicha hakujua alichokipata mpaka filamu isafishwe katika chumba cha giza. Jua la mchana hutia kivuli machoni, hasa kwa mtu aliyevaa kofia, hivyo ilimpasa asubiri kichwa kiinuke, au mhusika afike kivulini. Kisha aliandika maelezo: nani yumo pichani, mahali gani na tarehe ipi. Bila maelezo hayo, picha nzuri hubaki bubu.

Mwalimu aling'atuka urais Novemba 1985 na kurejea Butiama, alikoishi kama mkulima huku akiendelea na shughuli za usuluhishi wa migogoro barani Afrika. Alifariki dunia Oktoba 14, 1999 katika Hospitali ya St Thomas, London, na kuzikwa Butiama Oktoba 23. Makumbusho yenye jina lake, yaliyoanzishwa kijijini hapo mwaka huohuo, yanahifadhi vitu vyake pamoja na picha za maisha yake.

Hata hivyo, katika picha nyingi za zamani anayetajwa ni Mwalimu peke yake. Mkulima aliyeshikana naye mkono, mama aliyemtwika mtoto mgongoni na kijana aliyetembea kando yake barabarani wanabaki bila majina. Wazee wanaoweza kuwatambua wanapungua mwaka hadi mwaka, na kila anayeondoka huondoka na sehemu ya kumbukumbu hiyo.

Familia za Musoma, Bunda, Butiama na kwingineko zenye picha za aina hiyo zinaweza kuanza na jambo dogo: kukaa na wazee, kuwauliza, na kuandika kwa penseli nyuma ya kila picha majina, mahali na mwaka. Taifa ambalo Mwalimu alilijenga juu ya msingi wa usawa wa binadamu litakuwa limemuenzi ipasavyo litakapowatambua pia wale waliosimama pembeni yake.