Mohandas Gandhi na Lango la Durban

Miongoni mwa wasomaji wa kitabu hiki cha kumbukumbu wapo ambao mababu zao walishuka katika pwani hii wakitokea Porbandar. Katika mji huohuo wa bandari alizaliwa Mohandas Karamchand Gandhi, tarehe 2 Oktoba 1869. Maisha yake yote hayaenei katika kurasa chache. Tumechagua kueleza yaliyompata safarini na bandarini, kwa kuwa husimuliwa kwa nadra.

Mwezi wa Aprili 1893, akiwa wakili kijana, alipanda meli Bombay kwenda Natal kuisaidia kampuni ya Dada Abdulla, mfanyabiashara Mwislamu, katika kesi yake. Meli ilipotia nanga Lamu alishuka kutazama mji. Wakati wa kurudi mkondo ulikuwa mkali hata mashua ikashindwa kufika kwenye ngazi, nayo ngazi ikawa imekwisha kupandishwa. Ikabidi avutwe juu kwa kamba. Akapita Mombasa, kisha Unguja, alikobadili meli.

Mwaka 1896 alirudi India kwa muda, akachapisha kijitabu kuhusu mateso ya Wahindi wa Natal. Habari zake zilifika Durban kwa simu ya maandishi zikiwa zimefupishwa na kupotoshwa, nao Wazungu wa huko wakawaka hasira. Mwishoni mwa Novemba aliondoka Bombay katika meli Courland pamoja na mkewe Kasturba, wanawe wawili na mtoto wa dada yake. Karibu na mwisho wa safari walikutwa na dhoruba iliyodumu kama siku nzima. Wahindu, Waislamu na Wakristo waliomba pamoja, kila mmoja akisahau kuuliza dini ya mwenzake.

Bahari ikatulia, bandari ikachafuka. Courland na meli nyingine, Naderi, zikiwa na abiria wapatao 800, ziliamriwa kukaa nje zikipeperusha bendera ya manjano. Bombay kulikuwa na tauni, hivyo karantini yenyewe haikuwa dhuluma. Dhuluma ilikuwa katika kuirefusha mara kwa mara huku mikutano mjini ikidai abiria warudishwe walikotoka, na wenye meli wakitishwa. Kanuni ya afya ikafanywa silaha ya siasa, nayo serikali ya koloni haikuizuia. Walitia nanga katikati ya Desemba. Ruhusa ya kushuka ilipatikana tarehe 13 Januari 1897.

Mkewe na watoto walitangulia kwa gari la farasi hadi nyumbani kwa rafiki yao, Parsi Rustomji. Yeye alifuata kwa miguu pamoja na wakili Laughton. Umati ukamtambua, ukamtenga na mwenzake, ukampiga kwa mawe, mayai na mateke. Aliyemwokoa ni mke wa mkuu wa polisi, Bibi Alexander, aliyepita hapo akafungua mwavuli wake na kusimama baina yake na umati. Usiku nyumba ya Rustomji ikazingirwa. Gandhi akatoroshwa amevaa sare ya askari wa Kihindi, kichwani kitambaa kilichozungushwa juu ya sahani.

London ikaagiza waliompiga washtakiwe. Harry Escombe, Mwanasheria Mkuu wa Natal, alimwita ili amsaidie kuwatambua. Gandhi alikataa kumshtaki yeyote, tena kwa maandishi. Kwake yeye, wenye kosa walikuwa viongozi na serikali yenyewe waliouchochea umma. Sisi twaona jawabu hilo lilikuwa zito kuliko mashtaka, kwa kuwa lilielekezwa kwa aliyeketi mbele yake.

Hata hivyo serikali haikurudi nyuma. Mwaka huohuo Natal ilitunga sheria ya kurudisha meli kutoka bandari zenye maradhi, na nyingine ya kumzuia mgeni asiyeweza kuandika maombi kwa lugha ya Ulaya. Wahindi hawakutajwa kwa jina. Hapakuwa na haja.

Majirani zetu wana haki ya kuuliza alimtetea nani. Miaka ile aliwatetea Wahindi, na baadhi ya maandishi yake ya wakati huo yaliwataja Waafrika kwa dharau. Hatulifichi hilo kwa ajili ya heshima yake.

Aliondoka Afrika Kusini mwaka 1914. Aliuawa Delhi tarehe 30 Januari 1948, na mwaka huohuo sehemu ya majivu yake ilimwagwa katika mto Nile, huko Jinja.