Giovanni Battista Cairati: Mchoraji wa Ngome ya Yesu

Mwanafunzi mpendwa, ukiulizwa nani aliyejenga Ngome ya Yesu mjini Mombasa, bila shaka utajibu kuwa ni Wareno. Jibu hilo ni sahihi ila halijakamilika. Aliyechora ramani yake alikuwa Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati, mwenyeji wa Milan, naye alimtumikia mfalme wa Uhispania.

Usichanganyikiwe. Enzi hizo Milan ilitawaliwa na Uhispania, na Mfalme Philip wa Pili alikuwa amelitwaa pia taji la Ureno. Ndiyo maana katika hati za Kireno utamkuta mhandisi huyu akiitwa João Batista Cairato.

Katika miaka ya 1580 alipelekwa Goa, India, akiwa mhandisi mkuu wa ngome za Wareno Mashariki. Zamu ya Mombasa ilikuja mwishoni mwa maisha yake. Amir Ali Bey, baharia wa Kituruki, alikuwa ameshafika pwani yetu mara mbili, na Wareno wakahofia kupoteza njia yao ya India. Ujenzi ulianza mwaka wa 1593.

Zingatia ustadi wake. Mizinga ilikuwa imezidhalilisha kuta ndefu, nyembamba za kale. Cairati alichora kuta nene juu ya mwamba wa matumbawe, na kila pembeni akaweka buruji, yaani sehemu ya ngome inayochomoza nje. Mlinzi aliyekuwa kwenye buruji moja aliweza kumpiga adui aliyejibanza chini ya ukuta wa jirani. Buruji mbili zilielekea bara na mbili baharini. Moja iliitwa São Filipe, jina lile lile la mfalme. Waashi waliletwa kutoka India; hao, kwa bahati mbaya, hakuna mtihani unaowauliza.

Je, ramani hiyo ilifaa? Mwaka wa 1631 Sultani Yusuf bin Hasan aliiteka ngome, lakini hakubomoa ukuta wowote: aliingia na watu wake, akamuua kamanda mle ndani. Mwaka uliofuata Wareno walirudi kuikomboa, wakashindwa na kuta walizozijenga wenyewe. Kisha, mnamo Machi 1696, Waomani waliizingira. Waliingia Desemba 1698, baada ya karibu miaka mitatu, wakati njaa na maradhi yalikuwa yamewamaliza takriban walinzi wote. Kwa maoni yetu, hapo ndipo unapoweza kumpima Cairati: alimfungia nje adui mwenye mizinga, lakini hakuna mstari kwenye karatasi ungeweza kumzuia mtu aliyekwisha kuingia, wala ugonjwa.

Yeye mwenyewe hakuyashuhudia hayo. Alifariki Goa mwaka wa 1596, miaka mitatu tu baada ya ujenzi kuanza, mbali sana na Milan.