Nabongo Mumia, Mwenyeji wa Misafara

Mwenye kupita Kambi Muru, huko Kibera jijini Nairobi, hukanyaga mahali penye jina la kiaskari. Kambi ni neno la misafara na la jeshi, na Kibera yenyewe ilianza kuwa makaazi ya Wanubi, yaani askari wa Kisudani wa Mwingereza na jamaa zao. Lakini kabla Nairobi haijawa mji, askari wa asili hiyo walikuwa na kituo mbali zaidi, upande wa magharibi, karibu na mto Nzoia. Hapo palikuwa kwa Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, na khabari zake zatuhusu sana sisi watu wa pwani.

Kabla yake alitawala babake, Shiundu. Wazee wetu waliokwenda bara kutafuta pembe za ndovu wakalipindua jina hilo kidogo, wakapaita mahali hapo Kwa Sundu. Ndiyo ada ya msafiri Mswahili: huuacha mji, akamtaja mwenyeji. Na mwenyeji huyo alikuwa na thamani kubwa. Msafara uliotoka Mombasa ukapita Ngong, Naivasha na Baringo, ulikuwa umekata siku nyingi katika nchi ya Wamaasai ambako nafaka ni adimu. Kwa Sundu wapagazi walipata wimbi, mtama, kuku na asali, wakatoa nguo, shanga na waya. Wenye njaa walishiba, na waliougua wakapumzika.

Mwaka 1883 alipofika Joseph Thomson, Mumia alikuwa amekwisha kurithi kiti. Mwaka 1885 akaja Askofu Hannington. Aliuacha msafara wake mkubwa hapo, akashika njia ya Busoga na wapagazi kama 50. Huko akauawa kwa amri ya Kabaka Mwanga, na watu wake wakauawa pamoja naye isipokuwa wachache. Askofu huyo anakumbukwa hadi leo. Wale wapagazi, ni nani awatajaye?

Mwaka 1889 Frederick Jackson alitia mkataba na Mumia kwa niaba ya kampuni ya Waingereza. Jackson alipokuwa safarini kuelekea Elgon, akatokea Mjerumani Carl Peters, mapema mwaka 1890, akazifungua barua zilizokuwa zikimngoja mwenzake, akaona kuwa Mwanga ataka msaada, akakimbilia Uganda kumtangulia. Mambo ya dola kubwa yalichezwa katika ua wa Mumia, naye akiwakirimu wote.

Wako wasemao kuwa Mumia aliwauza jirani zake. Mimi namwona mtu mwenye akili aliyetawala nchi ndogo iliyozungukwa na wenye nguvu, akawatumia wageni wenye bunduki kabla hawajamtumia yeye. Hata hivyo haki isemwe: Hobley alipofanya makao yake hapo mwaka 1895, vita vikapigwa juu ya Wabukusu, na Chetambe iliona vifo vingi. Wawanga walikuwa upande wa Mwingereza, na ndugu za Mumia baadaye wakawekwa machifu juu ya watu ambao hawakuwachagua. Uchungu huo haukwisha upesi.

Jambo lililodumu zaidi ni dini. Waswahili waliokaa kufanya biashara waliswali na kufundisha, Mumia mwenyewe akasilimu, na Uislamu ukapata mizizi katika nchi ya Waluhya, mbali sana na bahari.

Kilichomwangusha si adui, ni reli. Mwaka 1901 ilifika ziwani, mahali ambapo leo ni Kisumu, na njia ya miguu ikaota majani. Mwaka 1909 Waingereza walimfanya chifu mkuu wa North Kavirondo yote, cheo kikubwa kwa karatasi. Mwaka 1920 wakahamishia ofisi ya wilaya Kakamega. Na mwaka 1926 wakamstaafisha. Akaishi miaka mingi zaidi baada ya hapo, mzee katika mji uliopungua, hata akafariki mwaka 1949.

Mji huo leo huitwa Mumias. Hiyo s ya mwisho waliitia Waingereza, na katika lugha yao hufanya kazi ile ile ya kwa yetu.