Abebe Bikila: Mbio za Marekani zilizomshinda bingwa wa dunia

Aprili 19, 1963, jijini Boston, Marekani, Abebe Bikila wa Ethiopia alimaliza marathoni akiwa wa tano. Kwa mkimbiaji mwingine hayo ni matokeo mazuri tu. Kwake ilikuwa habari kubwa: kati ya marathoni zote za kimataifa alizomaliza, hiyo ndiyo pekee ambayo hakushinda.

Pekupeku mpaka dhahabu

Bikila alizaliwa Agosti 7, 1932 kijijini Jato, akaja kuwa askari wa kikosi cha ulinzi wa Mfalme Haile Selassie. Huko alinolewa na Onni Niskanen, kocha kutoka Sweden. Kwa wanaojifua asubuhi kwenye baridi ya Mbeya na Iringa, mazingira yake si mageni. Addis Ababa ipo zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko miji hiyo miwili.

Kwenye Olimpiki ya Roma mwaka 1960, viatu havikumkaa vizuri, akaamua kukimbia pekupeku. Alishinda kwa saa 2:15:16, muda bora zaidi duniani wakati huo, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kutwaa dhahabu ya Olimpiki. Mwaka 1961 akashinda tena Athens, Osaka na Košice.

Boston kulitokea nini?

Bikila na mwenzake Mamo Wolde walitoka na moto. Kwa karibu kilomita 29 walikuwa kwenye kasi ya kuvunja rekodi. Halafu upepo wa baridi na vilima vikawakamata, miguu ikagoma. Aurele Vandendriessche wa Ubelgiji akashinda, Mamo akawa wa 12.

Yeyote aliyewahi kukimbia kwenye milima anaijua hali hiyo: nguvu ukizimaliza mwanzoni, mlima wa mwisho haukuhurumii, hata uwe bingwa.

Alivyorudi

Bikila alirudi nyumbani kimya kimya. Hakukimbia marathoni nyingine nje ya nchi mpaka Olimpiki ya Tokyo, Oktoba 1964. Takriban wiki tano kabla ya mbio hizo alifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo, na wengi hawakumpa nafasi. Safari hii akiwa na viatu, alishinda kwa 2:12:11, akimwacha wa pili kwa zaidi ya dakika nne. Hakuna aliyewahi kutetea dhahabu ya marathoni ya Olimpiki kabla yake.

Mexico 1968 aliumia na kuacha njiani, Mamo akachukua dhahabu. Ni mbio zile zile ambazo Mtanzania John Stephen Akhwari alimaliza wa mwisho akiwa ameumia goti.

Ajali

Machi 1969 Bikila alipata ajali ya gari, akapooza miguu. Alitibiwa hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, na hakukaa kusubiri kuhurumiwa. Alishindana kulenga shabaha kwa upinde, na mwaka 1971 huko Norway akashinda mbio za kilomita 25 za sleji inayovutwa na mbwa.

Alifariki Oktoba 25, 1973 kwa kuvuja damu kwenye ubongo, akiwa na miaka 41. Maelfu walijitokeza kumzika, Mfalme Haile Selassie akiwa miongoni mwao.